Kaburi la Bibi

Nimewahi kuteleza matopeni mbele ya darasa zima, nimewahi kumwamkia mtu shikamoo kumbe ni mdogo wangu, na hayo nayasimulia nikicheka. Lakini hili la Choma nimelificha miaka mingi, na leo nalisema kwa sababu mmezidi kuniuliza kwa nini nikiwa msibani nakaa kimya, utadhani mimi si Mzaramo.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nikapelekwa upande wa Choma, huko Tabora, mimi mtu wa Kisarawe ambaye sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Nikapewa chumba kwa Bibi Kalunde, mjane wa Kinyamwezi, mrefu, mwenye mguu mmoja mbovu, aliyeishi na mwanawe Masanja, mke wa Masanja na mjukuu mmoja wa kike. Jioni ya kwanza wakaniletea michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa juani), nikaitafuna kikavukavu kama mtu anayetafuna kuni, na Bibi akaniangalia weee, halafu akauliza, "Kwani mwalimu kwenu wapi?"

Nikasema Uzaramo. Akapiga makofi.

"Kumbe mtumwa wangu! Babu yangu alipita kwenu na pembe ya ndovu begani, akaomba maji, mkampa ya tope. Leo nimekupata. Hiyo michembe inapikwa, mjinga wewe!"

Kwa ambao hamjui, nieleze kidogo. Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa misafara ya kwenda Bagamoyo walipita kwetu, wakalala kwetu, wengine wakafia kwetu tukawazika, na utani ukazaliwa humo. Mtani anaweza kukutukana ukacheka, na akifa mtu mzima, mtani wake ana kazi msibani: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, hata analala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Si dharau. Ni namna ya kuwapumzisha wafiwa kulia.

Basi mimi mgeni, niliyekuwa naogopa hata kuomba chumvi, kwa utani ule nikapata nyumba. Bibi alinifundisha kupika michembe, kusonga ugali wa mtama na kusalimia kwa Kinyamwezi, na kila siku matusi mapya. Wakati huo alikuwa akikohoa sana. Siku moja aliniambia, "Nikifa, mtumwa wangu, usiniangushe. Njoo ulale kaburini kwangu. Ila usiulalie mguu wangu mbovu." Nikamwahidi.

Sasa jambo moja, na ndilo linaloniuma, kwa sababu nililijua. Yule mjukuu alikuwa na miaka mitatu na alipewa jina la bibi yake, Kalunde. Masanja asingeweza kulitaja ovyo jina la mama yake mzazi, kwa hiyo yeye alimwita mwanawe huyo Bibi, na kijiji kizima kikamwita mtoto Bibi. "Bibi, acha kula udongo!" Nilikuwa nasikia hivyo kila asubuhi.

Nilikwenda Tabora mjini wiki mbili kufuata vitabu na chaki. Huku nyuma surua ikaingia kijijini, mimi sina habari. Siku ya kurudi, nimeshuka tu kwenye lori, jirani yetu mmoja akanishika mkono. "Pole, mwalimu. Bibi ametutoka. Wanazika sasa hivi, kule nyuma ya mihogo."

Ningeuliza neno moja tu, yupi? Sikuuliza. Nilikumbuka kile kikohozi, nikakumbuka ahadi, machozi yakanitoka, nikapita nyumbani (watu walikuwa wamejaa uani, sikusimama), nikachukua kanga ya Bibi iliyoanikwa kambani, nikajifunga, nikaokota mti wa kuegemea, nikaenda makaburini nikichechemea kwa mwendo wake na kupiga kelele, "Nani ananichimbia mimi? Mtumwa wangu mmempa ugali?"

Wachimbaji watatu walikuwa wamekaa upande wa pili wa rundo la udongo. Hawakucheka. Nikadhani ni huzuni, na kuiondoa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikazidisha, nikalizunguka rundo mbio nikarukia shimoni.

Nikajilaza. Miguu haikuenea. Nikakunja magoti, nikajisogeza, wapi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapaza sauti kutoka mle ndani: "Mmenipunja! Mtu mrefu kama mimi mnampa shimo la kuku? Sitoki!"

Hapo wimbo wa kanisani uliokuwa unakuja ukakatika. Nikafungua macho. Masanja alikuwa amesimama ukingoni, mikononi amebeba kitu kifupi kilichofungwa shuka nyeupe, na kando yake, akiwa ameegemea fimbo, Bibi Kalunde akinitazama nilivyojifunga kanga yake.

Mama wa mtoto alitoa sauti ambayo sitaieleza.

"Toka, mwalimu," akasema Bibi.

Nilitoka kwa magoti. Hakuna aliyenipa mkono. Masanja alimkabidhi mchimbaji mmoja mtoto, akashuka, akafuta kwa kiganja mahali nilipolala, kisha akampokea mwanawe.

Jioni nilipiga magoti mbele ya Bibi kuomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Ulikuja kwa ajili yangu, najua." Na kweli alinisamehe, kwa sababu chakula nilipewa na chumba sikunyang'anywa. Lakini tangu siku hiyo alinisalimia kwa adabu, umeamkaje mwalimu, karibu chakula mwalimu, na ningetoa chochote nitukanwe tena.

Alifariki miaka minne baadaye, mimi nimesharudi Kisarawe. Nilisafiri siku mbili kwenda kumzika, nikasimama nyuma na wageni wengine. Kaburi lilikuwa refu, lingenitosha. Masanja aligeuka akanitafuta kwa macho, akangoja kidogo, na mimi nikainamisha kichwa.

Siku hizi nikiambiwa fulani amefariki, nauliza yupi, wa nani, mwenye umri gani, hadi watu wananiona mbea. Niacheni niulize. Bibi Kalunde alizikwa bila mtani.