Gauni la Regina lenye Twiga Miguu Juu

Yusta hakati karatasi ya mama. Hilo ndilo utakalojifunza kwanza ukikaa kwenye kibaraza chake pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Karatasi ya mama ni kiolezo cha gauni la kawaida, alichokatiwa na mwalimu wake wa ushonaji huko Mamboya alipokuwa msichana. Ni karatasi ya mfuko wa saruji, imelainika kama ngozi ya mbuzi kwa kushikwa. Kila gauni analoshona linatoka humo. Anailaza juu ya karatasi nyingine, anachora kuizunguka, anairudisha msumarini, kisha anamkata mtoto. Ndivyo anavyosema mwenyewe: "Namkata mtoto." Ukutani ametundika watoto kama thelathini, kila mmoja na jina lake. Yupo Agnesi, yupo Mama Mchungaji, yupo Bibi Harusi wa Ulaya, yaani Ulaya yetu hii hii ya Kilosa.

Mimi nanoa mikasi. Nazunguka Kilosa, nazunguka Mikumi, na mkasi wa Yusta hunisubiri kila mwezi. Haya niliyaona nikiwa nimekaa na jiwe langu.

Mwaka jana kwaya ya akina mama ya pale Mikumi ilialikwa kwenye tamasha Kilosa mjini, Magomeni. Katibu wao, Generoza, akaja kwa Yusta na kitenge cha twiga na picha ndani ya simu. Kwenye picha gauni lilibana kuanzia kifuani mpaka magotini, kisha likachanua chini kama mkia wa samaki.

"Wote kumi na mmoja, hivi hivi," akasema.

"Na Regina?"

Regina anauza mchele wa Tindiga sokoni, na ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya. Mguu wake wa kushoto umefungwa chuma tangu utotoni, kuanzia pajani hadi kisiginoni. Akitembea huurusha pembeni, kama mtu anayesukuma mlango kwa mguu.

"Regina ataimba amekaa kwenye benchi, nyuma. Avae hata kanga, nani atamwona?"

Yusta akaweka futi chini. "Basi sishoni."

"Hushoni nini?"

"Kumi na moja sishoni. Nashona kumi na mawili au uondoke na kitenge chako."

"Dada Yusta, mafundi wamejaa Mikumi hii."

"Wamejaa kweli. Wapelekee."

Generoza akaondoka na kitenge chake. Kesho yake akarudi nacho, maana kamati ilimkatalia fundi mwingine. Akakitupa mezani. "Mshonee na huyo. Lakini sare ni sare. Likiwa na kasoro yoyote, hasimami mbele."

Regina alipokuja kupimwa alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba radhi. "Fundi, niache tu. Benchi nimelizoea."

"Mimi sijalizoea. Pita. Tembea mpaka ukutani, urudi."

Akatembea. Yusta akapiga magoti nyuma yake na futi, akapima mguu unaporuka mbali kabisa. Akamrudisha tena, akapima tena. Kiuno alikipima mwisho.

Alipoondoka, Yusta akaishusha karatasi ya mama, akachora kipande cha sketi kwenye karatasi nyingine. Pale kiunoni pana pembe nyembamba ya kukunjia, ndiyo inayoibana nguo ikae mwilini. Akaingiza mkasi pindoni, akapandisha juu mpaka karibu na ncha ya ile pembe, akaacha karatasi imeshikana kwa upana wa punje ya mchele. Kisha akaifumba pembe kwa vidole. Alipofumba juu, chini pakafunguka penyewe, kama kinda anayengoja kulishwa.

"Umeona, babu?" akaniambia. "Kiuno ni kile kile. Ule upana niliokuwa naukunja juu nimeuhamishia chini." Akauacha upande wa kushoto ufunguke zaidi ya wa kulia. "Waliosema akae benchi hawajamwangalia akitembea. Wameangalia simu."

Kosa alilifanya siku iliyofuata, na alilifanya kwa kubania kitambaa. Kipande cha kushoto kilikuwa kipana mno. Akakizungusha kichwa chini ili kienee, akakata. Kitenge cha maua kinakubali kugeuzwa hivyo, maana ua halina juu wala chini. Yusta ameshona maua miaka na miaka. Alipovitundika vipande ukutani aketi avitazame, akashika mdomo. Upande wa kulia twiga walisimama. Upande wa kushoto wote miguu juu.

"Babu, nimewaua."

Kitenge kilitoka Morogoro, na alipopiga simu dukani wakamwambia jora limekwisha. Akakishona hivyo hivyo.

Regina akaja, akalivaa gauni. Akajitazama, kisha akatembea mpaka ukutani na kurudi. Chuma kiliruka, kitambaa kikafunguka nacho, kikajifunga, hakikukwama hata mara moja.

"Hawa wa kushoto wamekufa?" akauliza.

"Mkasi wangu umewapindua. Nisamehe, mwenzangu."

Regina akacheka mpaka akaegemea cherehani. "Hawajafa, wanacheza! Usimguse hata mmoja."

Regina ameshalivua gauni, Generoza akafika kuchukua sare. Yusta anamzidi kama miaka kumi, lakini Generoza aliingia moja kwa moja.

"Umesahau kitu mlangoni," Yusta akamwambia.

"Nimesahau nini?"

"Salamu."

"Shikamoo," kama anatema mbegu.

"Marahaba."

Akalikunjua gauni la Regina. "Hii nini? Twiga miguu juu? Kilosa nzima itatucheka! Watu wa kando ya mbuga hatujui twiga anavyosimama?" Akamgeukia Regina. "Benchi. Yamekwisha."

"Nimekosea mimi," Yusta akasema. "Nisute mimi. Yeye kakosea nini?"

Generoza akazikusanya sare nyingine. Regina akalikunja gauni lake polepole, akaliweka kwapani.

Siku ya tamasha nilikuwa Magomeni. Gari la Mikumi likasimama mbele ya kanisa. Mshono wa samaki na ngazi ya gari havielewani hata kidogo. Akina mama kumi na mmoja walishuka kiubavu, magoti yameshikana, konda akiwapokea mmoja mmoja kama mayai. Regina akashuka wa mwisho, akarusha mguu, akasimama chini peke yake.

Ndani, kwaya ikajipanga mbele. Benchi lilikuwa nyuma yao. Generoza akamwonyesha Regina kwa kidevu. Regina alikuwa bado mlangoni, na pale pale mlangoni akaanzisha wimbo.

Wimbo ukishaanzishwa haurudishwi. Kwaya ikikaa kimya, kanisa zima linajua kwaya imevunjika, na hiyo ni aibu kubwa kuliko twiga. Wakaitikia kumi. Generoza akabana midomo. Regina akaingia katikati ya kanisa akiimba, chuma kikipiga sakafu kwa mapigo ya wimbo, gauni likifunguka na kujifunga. Kiitikio cha pili, Generoza naye akaitikia. Angefanyaje?

Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Wale wa kushoto wamelewa."

"Waache walewe. Msikilize anavyoimba."

Regina alipofika mbele hakwenda kwenye benchi. Akasimama katikati ya mstari, na wenzake wakasogea kumpisha, kwa vile vihatua vyao vifupi.

Kombe la tamasha walilichukua watu wengine. Baada ya wiki Generoza akatuma ujumbe kwamba kimepatikana kipande cha twiga waliosimama, gauni likarekebishwe. Regina akamjibu aliyetumwa, "Mwambie nimeshalivaa."

Kabla ya Pasaka nilikuwa kibarazani nanoa, Generoza akaja na kitambaa kipya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Safari hii umeleta wanyama gani?"

"Maua. Wanyama basi." Akakiweka kitambaa mezani. "Na... tumeonelea chini pafunguliwe. Kwa wote."

Yusta akanyoosha mkono ukutani, akashusha karatasi yenye jina la Regina, akaitandika mezani jina likiwa juu.

"Nitakatia hii. Hutaki, beba maua yako."

Generoza akalisoma lile jina. Akavua viatu.

"Haya," Yusta akasema, akichukua futi. "Tembea mpaka ukutani, urudi."