Askari Wasiokuwa na Sare

Mama alikuwa na ugonjwa wa sare. Hata leo, mtu mzima na nyumba yangu Ghubra, hapa Maskati, nikisikia ndugu zangu wanabishana juu ya rangi ya nguo za harusi, yeye ndiye anayenijia. Mtaani kwetu Unguja hapakufanyika harusi wala maulidi bila ya wanawake kuvaa kanga za aina moja, na mama ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuhakikisha. Asiyekuwa na sare, mama alimtazama kama mtu aliyekosea mlango.

Tulipokuja Maskati baada ya mapinduzi tulifikia kwa shangazi, dada yake baba, ndani ya ukuta wa mji. Baba alipitiliza Kuwait kutafuta kazi. Mimi nilikuwa nimekatizwa masomo darasa la sita, na Maskati ya siku zile haikuwa na skuli ya serikali ya watoto wa kike. Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilifagia kwa hasira, nikachagua mchele kwa hasira, mpaka shangazi akasema hajapata kuona mchele ukichaguliwa kwa makelele kiasi kile.

Karibu yetu alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mumewe akifanya kazi benki. Sebuleni kwake alikuwa akisomesha watoto wa Wazungu wenziwe na wa makarani wa Kihindi. Alishawahi kununua kofia alizoshona mama, akaujua mkono wake. Siku moja akaja na kitabu kikubwa cha picha. Kwa Kiingereza changu cha skuli, kilichokwisha kuanza kunitoroka, nikaelewa kwamba watoto wake watacheza mchezo wa askari wa Kihispania wa zamani, wa zama mfalme wa Uhispania alipoitawala na Ureno, na Wareno wakijenga hizi ngome zetu mbili za bandarini Maskati. Alitaka nguo za watoto wanane, ziwe kama za kwenye picha.

Nikamfasiria mama. Mama hakuuliza bei.

"Mwambie nnataka mwanangu akae darasani kwake."

Bibi akanitazama, akafikiri. Nguo zikifanana na za kwenye picha, alisema, nafasi yangu ipo. Zisipofanana, atazilipia kama anavyolipia kofia, na yaishe. Toka siku ile sikuwa na dua nyengine.

Kitabu tulikifungua juu ya mkeka. Zilikuwa picha zilizochorwa na mafundi wa enzi hizo hizo za askari.

"Hawa wanaume au mabibi harusi?" aliuliza shangazi.

Hakukosea sana. Suruali zao zilikuwa fupi, zimefura kama maandazi. Shingoni walivaa kola za kukunjwakunjwa, na kofia zao za chuma zilichomekwa manyoya. Mikono ya makoti ilikuwa imepasuliwa mistari mistari kwa makusudi ili shati jeupe lichungulie. Hayo makusudi shangazi hakuyakubali.

"Masikini, wifi, nguo zimewachanikia. Washonee."

Mama alicheka, lakini vipasuo aliviacha wazi, akavizungushia uzi kama anavyozungushia vitobo vya kofia. Mimi nilitia vifungo. Na makoti yote, la kwanza mpaka la mwisho, aliyakata kwenye jora moja la buluu. Watu wa upande mmoja, alisema, watajuanaje vitani bila ya sare? Na mimi niliona hivyo hivyo. Tulitazama mishono, hatukutazama watu.

Bibi alipokuja aliusifu mkono wa mama. Kisha akayapanga makoti kwenye mkeka. Akafungua kitabu, akatuonyesha kwa kidole: huyu kavaa njano, huyu kijani, yule kizibao cha ngozi. Askari hawa hawakuwa na nguo za namna moja, alieleza. Kila mtu alivaa chake na kujivunia, na ndivyo walivyochorwa: mkubwa wao mbele na mahameli yake, nyuma watu wa kila rangi na mikuki yao mirefu. Kilichowakusanya ni mshipi mwekundu uliokatiza kifuani. Hizi zetu, alisema kwa upole, zinafanana na za bendi ya polisi.

Nilifasiri mpaka hapo. Nililia mbele ya mgeni na wala sikuona haya.

Mama akakivuta kitabu kwake, akakiinamia kwa muda.

"Muulize, hii mikono imefungwa kwa vikamba hapa begani, au macho yangu?"

Nikauliza. Ndiyo, alisema bibi, zamani mikono ya makoti ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa.

"Basi anipe mpaka Jumamosi."

Alipoondoka tu, mama akaanza kufumua mikono yote ya buluu. Halafu akafungua sanduku lililotoka Unguja. Mlikuwa na kanga zake, sare za kila harusi aliyoipenda, na wengi wa waliozivaa pamoja naye hatukujua wameangukia wapi. Sanduku lile hata mimi nilikuwa sina ruhusa ya kuligusa. Akachukua mkasi.

Shangazi akamshika mkono. "Wifi, hii si ya harusi yako?"

"Ndiyo. Harusi imeshapita, mtoto yupo."

Akakata. Niliumia kuliko nilivyoumia siku tuliyofunga mizigo, na hapo hapo nikampenda kwa namna ambayo sikujua kuisema. Shangazi alitoka, akarudi na mahameli mekundu aliyokuwa ameyaficha miaka.

"Ya mishipi," alisema. "Mtaka cha mvunguni huinama."

Jumamosi tukazipeleka nguo. Bibi akawavika watoto na kuwapanga mstari: vifua vya buluu, mishipi myekundu, na kila mmoja na mikono yake ya kanga. Akagusa michoro ya korosho kwenye bega la mtoto mmoja, akasema hajapata kuona askari wa Kihispania mwenye maua kama haya. Akawatazama tena, mmoja mmoja, akacheka.

"Lakini hakuna wawili waliofanana," alisema. "Mwambie mama yako akuache hapa."

Nikakaa kwenye kiti cha nyuma. Mama hakuondoka. Akavuta kiti, akakaa ubavuni kwangu. Mama alihitimu Kurani, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi za Kizungu hakuna aliyemfundisha. Bibi akanambia nimweleze kwamba anaweza kwenda, aje kunichukua mchana. Nikamweleza.

Mama akalitengeneza buibui lake.

"Mwambie nguo nimeshona nane," alisema. "Mtoto nimeleta mmoja."

Nikafasiri, uso unaniwaka. Bibi akafungua kabati, akatoa kalamu mbili.