Herufi Moja Kati ya Kufa na Kuya

Bado naikumbuka asubuhi ile pale kwetu Katuba, mwanangu, kwa sababu mama yangu alikuwa ameketi sakafuni. Mama hakuwa mtu wa kuketi chini hivyo bila msiba, na msiba wenyewe hakuna aliyekuwa ametuthibitishia. Tulichojua ni kwamba shimo moja la wachimbaji upande wa Ruashi lilikuwa limeporomoka, na mdogo wangu Kalonji alikuwa akichimba shaba huko. Baba alikwisha kufariki zamani. Majirani walikuwa wameanza kuingia, wanaketi karibu na mama.

Ndipo akasimama mlangoni mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaoleta makala, yaani mkaa wa kupikia, mjini. Akauliza Ngalula ni nani. Nikasema ni mimi.

"Mwenzangu alinipatia hii mu njia," akasema, akinipa kipande cha katoni. "Alisema ni ya Ngalula tu."

Nilimuuliza nani aliiandika, wapi, lini. Hakujua lolote. Aliweka mguu kwenye pedeli akaenda na makala yake.

Kwenye katoni hapakuwa na herufi hata moja. Palikuwa na viduara, misalaba, pembetatu na mistari, vimechorwa kwa mkaa. Lakini mkono niliujua. Tangu utoto Kalonji na mimi tulicheza mchezo huo: kila alama inasimama badala ya herufi moja, na kila mara yeye alibadilisha alama zote ili nihangaike. Kwa kuhangaika nilijifunza kwamba huhitaji kuambiwa siri yenyewe. Unazihesabu alama. Ile inayorudi mara nyingi kuliko zote ni herufi inayopendwa na lugha. Katika Kifaransa cha shule ni E. Katika Kiswahili chetu ni A, na yenyewe hupenda kukaa mwisho wa neno. Kalonji hakuwahi kuniandikia Kifaransa.

Nilianza vizuri. Kiduara kilikuwa kimejaa kila mahali, kwa hiyo kiduara ni A. Neno la mwisho lilikuwa alama, A, alama ileile, A, nikaona ni "mama". Nikapata M. Baadaye nikapata N, K na U. Lakini badala ya kwenda neno kwa neno niliruka hadi kwenye neno moja la katikati. N, A, K, U, halafu msalaba ambao sikuujua, halafu A.

Mwanangu, mtu aliyekwisha kusikia habari ya shimo, na mama yake yuko sakafuni, ataweka herufi gani pale? Mimi niliweka F. Na neno hilo sikuliweka moyoni, nililitamka.

"Nakufa," nikasema.

Mama alifunika uso kwa kitambaa. Wanawake wakaanza kulia, na mimi nikalia nao.

Mjomba wangu Tshibangu, ndugu wa mama, alikuwa amesimama dirishani. Si mtu wa kupaza sauti. Alinijia, akachuchumaa mbele yangu.

"Ulihesabu, ao uliogopa?"

Nikamwonyesha msalaba niliouwekea F.

"Ule musalaba, uko fasi ingine?"

Nikapangusa macho nikaangalia. Ulikuwepo katika neno la herufi mbili tu: msalaba, kisha A. Nikaweka F nikapata "fa", neno lisilo na maana. Ulikuwepo pia mwanzoni kabisa, katika neno ambalo nilikuwa nimeliruka: msalaba, A, msalaba, A. Si "mama", M nilikuwa nayo. Si "papa", Kalonji hakuwa na baba wa kumwandikia. Nilikaa nikiliangalia neno lile mpaka likaniita lenyewe. Yaya. Dada mkubwa. Alikuwa ananiita mimi.

Msalaba ulikuwa Y. Hakuandika kwamba anakufa. Aliandika "nakuya", kwa namna yetu ya hapa ya kusema anakuja. Alama zilizobaki zikafunguka haraka, nikasoma kwa sauti, safari hii neno kwa neno:

"Yaya, niko Kipushi. Nakuya siku ya posho. Ambia mama."

Kipushi ni mji mwingine, si huko Ruashi kwenye shimo. Mama aliteremsha kitambaa. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akaniomba mara nyingine, na hapo akanyoosha mkono ili mjomba amwinue.

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, Kalonji aliingia uani amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameona ufa kwenye ukuta wa shimo akatoroka kabla halijaanguka. Mkubwa wa shimo alikuwa akiwatafuta vijana waliomkimbia, ndiyo maana Kalonji aliogopa mtu mwingine asisome alipo. Mama alimshika masikio yote mawili kama mtoto mchanga, akamwangalia muda mrefu, kisha akamwuliza kama amekula. Sisi sote tukacheka.

Sasa ninyi habari huwafikia kwenye simu, nusu nusu, na mtu huanza kulia kabla hajamaliza kusoma. Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki: pale usipojua, pawache wazi kwanza. Usiiruhusu hofu ikujazie herufi. Anza kwenye neno la kwanza, kisha lijaribu lile unalolidhani mahali pengine pote, na likikataa hata mahali pamoja, lifute. Na usimtamkie mama wa mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hujalihakikisha.

Mungu akulindie wote unaowangojea. Awarudishe nyumbani wazima, wakukute mlangoni, chakula kikiwa bado cha moto.