Nilimficha Jirani Yangu, Leo Wananidai Msamaha

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, Mkristo, naishi Bujumbura. Binti yangu anaolewa, na ndugu za baba yake wamegoma kupokea mahari mpaka niwapigie magoti niombe msamaha. Sikilizeni kosa langu.

Wakati wa vita tulikaa Buterere, karibu na mashamba ya mpunga. Nilikuwa na mimba ya huyu binti siku watu wenye mapanga walipoingia kututafuta. Jirani yangu hakuwa wa kabila langu, na kaka yake alikuwa ameuawa na watu wa kwetu. Hata hivyo alinivuta ndani, akanilaza nyuma ya magunia, akasimama mlangoni.

"Humu muko mugonjwa wa kolera. Mukitaka, mwingie."

Wakaogopa kipindupindu, wakageuka. Nilipomshukuru alisema, "Apana mi. Ni Mungu amekuficha."

Mwaka uliofuata vijana wa upande wetu wakaanza kuwawinda watu wake. Alikuja kwangu mchana, peku, anahema. Mume wangu na kaka yake wakaziba mlango.

"We, unataka tufe wote juu ya mutu mumoja?" shemeji aliniuliza.

Niliogopa, siwadanganyi. Lakini mtoto alikuwa mgongoni kwangu, mzima. Nikasema, "Mungu aliyenificha kwake hajakufa. Kama ni kuua, muanzie kwangu." Nikamshika mkono, nikapita naye katikati yao.

Alikaa uvunguni mwa kitanda changu siku kumi na moja. Wale vijana walikuja wakapekua mpaka jikoni, kitanda hawakukigusa. Baadaye alivuka mpaka, akapona.

Mume wangu aliondoka siku ile ile niliyomwingiza jirani, hakurudi. Nililea mtoto peke yangu, nikiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Watu walinicheka: "Mungu gani anakuvunjia ndoa?" Kila nilipokosa chakula niliwakumbuka wale watu wenye mapanga wakigeuka na kwenda, nikajifunga kitenge, nikaenda kuuza. Hatukulala njaa siku mbili mfululizo.

Sasa binti analia: "Mama, piga magoti tu, ni dakika moja, yaishe." Hilo ndilo linaloniumiza. Wale ndugu za baba yake hawanitishi.

Sitaomba msamaha kwa sababu mtu aliishi. Hapo msinishauri, mtapoteza muda. Ninachowaomba ninyi wazazi wenzangu ni hiki: nimwambieje mwanangu anielewe, bila kumharibia harusi?