Mke Wangu Anaishi Ofisi ya Malalamiko, Mimi Nasaini Kitabu cha Wageni

Jumapili iliyopita nilisaini kitabu cha wageni ili nikale ugali wa mke wangu.

Si mke wa mtu. Wangu mwenyewe, Nzilani, wa ndoa ya miaka kumi na moja.

Pale pa kuandika sababu ya ziara, niliandika: ndoa.

Wabwire, askari wa mlangoni, akasoma na kukuna kidevu. "Boss, andika tu 'binafsi'. Hiyo ya ndoa italetea watu shida."

Shida yenyewe niliitengeneza mimi, kwa msumeno wangu. Wacha niwaeleze.

Mimi naitwa Nzuki, fundi wa milango. Banda langu lilikuwa Mashimoni, Kibera. Mwaka jana tukaambiwa barabara itapita juu ya nyumba zetu, lakini tusijali. Kuna kampuni imenunua jengo kuukuu la ofisi katikati ya jiji, la mawe, la enzi za mkoloni, na inaligeuza kuwa nyumba za kuishi. Vyumba kadhaa ni vyetu, kwa kodi ileile ya Mashimoni.

Mkubwa wa kampuni alikuja kutuhutubia akiwa na gambuti mpya siku ya jua kali. Akasema tunasogezwa karibu na fursa. Tulimpigia makofi kwa sababu kulikuwa na soda.

Kisha wakaja watu wa kuhesabu. Kila mlango unapigwa namba nyekundu, na kila namba inaingia kwenye kura ya vyumba.

Sasa niambie wewe. Unamwambia mtu wa Kibera kwamba mlango ni kura, na jirani yake ni fundi wa milango?

Wiki mbili sikupumzika. Lazarus, bachela wa chumba cha futi kumi kwa kumi, alitaka milango minne.

"Fundi, hata kama mmoja unafungukia ukuta, weka tu."

Nikaweka. Kibanda cha maji kikapata miwili. Choo cha ploti kikapata wa mbele na wa nyuma, watu wakaanza kukitumia kwa wasiwasi.

Nyumbani kwangu nikagawa chumba kwa plaiwudi. Mlango wangu, mlango wa Nzilani.

"Na wakiniuliza mimi ni nani?" akasema.

"Sema uko single. Sisi ni majirani."

"Nzuki, ulipelekea baba yangu mbuzi watatu Kitui."

"Mbuzi hawahesabiwi."

Yvonne, dada wa kuandikisha, alifika na tableti yake. "Huyu mama wa next door unamjua?"

Nzilani alikuwa amesimama palepale akikamua nguo. Mimi, bila hata kumeza mate, nikajibu, "Kwa sura tu."

Aliendelea kuikamua ile nguo hata baada ya maji kuisha. Lilikuwa shati langu.

Kura ikafika. Milango minne ya Lazarus haikupata kitu. Wangu haukupata kitu. Wa Nzilani ukapata chumba ghorofa ya nne, kwenye kapu lililotengewa akina mama wasio na waume.

Nilimbeba juujuu mbele ya watu, halafu nikakumbuka hatujuani, nikamshusha.

Siku ya kuhamia nilipandisha kitanda kwa ngazi kama mtu wa mkokoteni. Nikiwa bado nahema, Angeline, msimamizi wa jengo, akatusomea masharti. Chumba ni cha mwenye jina. Mtu mzima mwingine haruhusiwi kulala. Wageni mwisho saa kumi na mbili jioni.

Matingatinga yakapita Mashimoni. Mimi nikaenda kupanga Kawangware, upande wa Riruta, peke yangu na sufuria moja.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa ofisi ya malalamiko. Lile dirisha dogo la kaunta bado liko mlangoni, na benchi ya kungojea iko nje kwenye korido. Choo kina zile sinki sita za wanaume kukojolea, ukutani. Akina mama wamepanda dania ndani ya hizo sinki, na dania imekubali. Kwa tangazo la kampuni hayo yanaitwa maisha yenye historia.

Miezi mitatu ya kuwa mgeni ikanishinda. Nikaenda kwa Angeline.

"Yule ni mke wangu."

Akafungua faili. "Hapa ulisema unamjua kwa sura."

"Nilidanganya."

"Ukidanganya, room inarudi kwa kampuni. Kuna watu wanaingojea."

"Sasa nifanye nini?"

"Muoe. Mpangaji akiolewa baada ya kuingia, bwana anakubaliwa. Leta cheti."

Nilitoka nikicheka peke yangu. Kumbe jambo ni rahisi hivyo.

Ndiyo maana Jumapili nikapanda zile ngazi nikiwa nimenyoa. Nzilani alikuwa kwenye cherehani. Siku hizi anashonea watu wa ofisi za jirani, wanapanga foleni kwenye ile benchi. Amenenepa kidogo. Amependeza, na iliniuma kwamba amependeza bila mimi.

Nilikula ugali, nikanawa, nikamwambia habari ya cheti. "Twende kwa msajili hata wiki hii."

Akaachia cherehani. "Unanioa?"

"Si nakuambia?"

"Mara ya kwanza ulimuuliza baba. Mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji, nikarudi nikakuta mbuzi. Leo ndiyo nimeulizwa."

"Basi jibu."

"Wacha nifikirie."

"Nzilani, miaka kumi na moja, unafikiria nini?"

"Kuna mteja anangoja hapo nje, Nzuki. Nipishe."

Hakuwa na hasira. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakaa kwenye benchi, katikati ya mama mwenye sketi ya kupunguzwa na kijana mwenye zipu mbovu, mpaka Wabwire akapanda kuniambia muda umeisha. Nzilani amenipa siku ya kurudi kuchukua jibu, kama wateja wengine wote, na sijui atasema nini.

Jamaa zangu, kama leo kuna mtu mlangoni kwako anaandikisha watu, na mkeo amesimama hapo, mtaje. Nyumba ikikosekana, mtaikosa mkiwa wawili.