Kidole Kinachosikia Breki

Fundi breki wa gereji ya kona hajaribu pedali akiwa na kiatu. Huvua cha kulia, hukiweka juu ya dashibodi kama mgeni wa heshima, kisha hukanyaga polepole, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza umbeya nyuma ya mlango. Soksi ya mguu huo ina tundu kwenye kidole gumba. Mkewe huliziba kwa sindano. Yeye hulifumua tena kwa wembe, eti kidole lazima kisikie. "Bado inadanganya hii," husema, na hapo upepo ulionaswa hukamuliwa upya kutoka kwenye breki, hata kama mwenye gari keshaanza kupiga miayo.

Juzi aliletewa gari jekundu la mashindano, pedali yake laini kama mto, haishiki mpaka ifike chini. Akaweka mafuta mapya ya breki, akabadilisha mipira yanamopita kwa ile iliyosukwa kwa waya, kisha akamchukua mkewe akashuhudie. Mama wa watu, anayeogopa hata mwendo wa baiskeli, alijifunga mkanda na dua juu. Mara paka akakatiza barabara. Gari likasimama kama limepigiliwa msumari.

"Umeisikia?" fundi aliuliza, uso mzima meno.

"Nimeisikia, mume wangu," mkewe akajibu, mguu wake bado umeikandamiza sakafu ya upande wake. "Ila iliyotusimamisha ni breki yako au hii yangu?"

Fundi hakucheka. Aliinama, akautazama ule mguu, akauliza kwa dhati, "Yako imeshikia juu, au mpaka ilipofika chini?"