Mstari Uliobaki Wazi Kaburini kwa Brigedia

Javan Shitanda hakuwahi kudumu kwenye kazi moja. Aliendesha trekta kule Turbo, akaacha. Akauza viazi Burnt Forest, hadi ile Januari ya vurugu za uchaguzi nyumba yake ilipochomwa, akakimbilia Eldoret na mkewe Linah na godoro moja. Kazi iliyomshika hatimaye ni ya kuchonga mawe ya makaburi kando ya barabara, na hata hiyo huifanya wima, hatulii kitini.

Mwaka jana alijiwa na Lawrence, mzungu mzee aliyezaliwa Kitale, ambaye alirudi kwao Uingereza lakini Kiswahili hakikumtoka. Mkaratusi ulikuwa umeliangukia kaburi la babu yake, Brigedia Penfold, na kuvunja jiwe lake. Alitaka jipya, maneno yale yale.

Javan akaviunganisha vipande sakafuni akasoma. Maisha mazima ya mtu: aliingia jeshini akiwa kijana, akapigana mipakani India, akaenda Sudan, akapanda cheo; mwaka 1905 akaituliza nchi ya Wanandi; akastaafu, akapata shamba Uasin Gishu, akafa akilima ngano.

India ilichongeka vizuri. Sudan pia. Kufika kwa Wanandi, mkono ukagoma. Akatoka nje, akarudi, akanoa tindo iliyokuwa kali tayari. Nyumbani ugali ukapoa mbele yake.

"Kwani una nini?" Linah akamwuliza.

"Neno moja tu. Kutuliza."

Wote wawili walikumbuka redio kule kambini kwa wakimbizi wa vurugu zile, ikitangaza kwamba hali imetulia, nao wamelala kwenye hema juu ya matope.

Asubuhi akamweleza Mzee Kipyego, Mnandi anayemletea maziwa. Mzee alisikiliza mtungi ukiwa bado mkononi.

"Ng'ombe wa babu walichukuliwa wote, nyumba zikachomwa," akasema. "Baba yangu alizaliwa msituni, watu wakikimbia. Anayetulizwa ni mtoto anayelia, Javan. Sisi tulikuwa tunalilia nini kabla hawajaja?"

"Kwa hivyo nisichonge?"

"Jiwe si langu. Mimi ni wa maziwa." Akaenda zake.

Lawrence alipokuja kukagua, Javan alimwambia yote bila kuzunguka. Uso wa mzee yule ukawa mwekundu.

"Fundi, hili ni kaburi la babu yangu. Si darasa la historia."

"Ni kweli, Mzee. Hayo mengine nimeyachonga kwa moyo wote. Huo mstari tafuta mkono mwingine."

Lawrence akaondoka bila kuaga. Wiki nzima Javan alikuwa mtu wa kwenda na kurudi: mara mlangoni, mara barabarani, mara kwenye lile jiwe, analigusa na kuliacha.

"Hebu tulia!" Linah akamfokea, kisha akasikia mwenyewe alichosema, wakaangua kicheko, cha kwanza tangu kazi ile ianze.

Ndipo Lawrence akarudi, amechoka, akaketi bila kukaribishwa.

"Nikiwa mdogo tulikuwa na mpishi Mnandi," akasema. "Hakuwahi kupita karibu na kaburi lile. Nilidhani anaogopa mizimu. Sikumwuliza." Akajifuta uso. "Huo mstari uache."

"Niandike nini badala yake?"

"Usiandike kitu."

Jiwe likasimamishwa hivyo, na kati ya Sudan na shamba la ngano pana nafasi tupu. Lawrence alilipiga picha moja, akampa Javan mkono, akasafiri.

Javan alitarajia moyo wake utatulia. Haukutulia. Akampeleka Mzee Kipyego aone. Mzee akavua kofia, akapitisha kidole pale palipo laini, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ni afadhali," akasema. "Uongo umetoka. Lakini baba yangu hayumo."

Javan alikusanya vifaa alivyoviacha pale siku ya kusimamisha jiwe, akashika njia ya mjini kwa hatua za haraka, kama mtu aliyeitwa na kazi ambayo bado haijaisha.